POS na kompyuta mpya kwa fungu la maendeleo, maboma ya zahanati yasubiri? Tujadili

Mwana wa Mnadani
Wakuu, bajeti ya halmashauri yetu inaingia baraza la madiwani. Kwenye mapato ya ndani, ile asilimia 40 ya maendeleo, zimewekwa POS mpya (mashine za kukusanyia ushuru na kutoa risiti) kwa kata zote, kompyuta za ofisi za watendaji, na vifaa vya GoTHoMIS, ule mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendesha vituo vya afya. Naunga mkono kabisa. Ushuru unavuja mnadani na kwenye mageti ya mazao, na fedha isipokusanywa hakuna boma litakaloisha. Hofu yangu ni moja tu: mtendaji wa miaka hamsini na kitu hata kuwasha kompyuta hajui. Tutanunua zikafunikwe kitambaa. Mnaonaje?

Lenta
Kijijini kwetu tulichanga mawe, mchanga na tofali, zahanati ikafika kwenye lenta. Tuliambiwa tukifika hapo halmashauri inapaua. Leo ndani imeota mibono mirefu kuliko mtu, mbuzi wanashinda humo. Mjamzito akishikwa usiku anapakiwa bodaboda. Pauweni kwanza, kompyuta baadaye.

Mtendaji wa Siku Nyingi
Kijana wa Mnadani, heshima ni kitu cha bure. Nina miaka 54. Hao wakusanyaji vijana, mimi ndiye niliyewaelekeza kufunga hesabu za siku kwenye POS. Kontroo namba ya malipo natoa nikiwa njiani kwa simu yangu, bando langu. Na waliokaa na fedha mbichi, makusanyo ambayo hayajapelekwa benki, halafu wakahama mji hawakuwa wazee. Walikuwa vijana wa kidato cha sita.

Fundi Saketi
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umetukosea. Kijana anasimama getini toka alfajiri, kamisheni yake inakaa miezi bila kulipwa, unategemea afanye nini? Na hao waliokuwa wanasaini kwamba fedha imepelekwa benki walikuwa vijana?

Mwana wa Mnadani
Mzee, sikukutaja jina. Nimesema ninachokiona ofisi nyingi. Mtu anampa mwanae wa shule amchapie barua.

Mtendaji wa Siku Nyingi
Kwa sababu ofisini hakuna kompyuta! Unamcheka mtu kwa kutojua kifaa ambacho hajawahi kupewa. Tangu niajiriwe nimepewa meza, mhuri na faili.

Kasma
Nimefanya kazi ya uhasibu serikalini, naomba mnisikilize. Fungu la maendeleo linanunua mashine mara moja tu. Bando la kila mwezi, rola za risiti, betri na fundi vinatoka matumizi mengineyo, na hilo ndilo fungu linalokatwa kwanza mapato yakishuka. Ukifungua kabati za kata nyingi utakuta POS zilizokufa betri tu. Kabla ya kuuliza tununue au tusinunue, tuulize nani analipia mwaka wa pili. Halafu kwenye mapato hayohayo kuna asilimia 10 ya mikopo ya wanawake na vijana, nayo ni ya lazima kisheria.

Neema wa Fimbo Nyeupe
Wanawake, vijana NA watu wenye ulemavu. Ni 4, 4, 2, iko kwenye sheria tangu 2018. Kila mjadala sisi ndio tunasahaulika, hata mtu wa uhasibu anatusahau.

Fundi Saketi
Hiyo mikopo si ilifutwa?

Neema wa Fimbo Nyeupe
Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Kikundi chetu kiliwasilisha maombi, tukaambiwa tujaze kwenye mfumo. Mimi sioni, kompyuta ya kata haina programu ya kusoma kwa sauti. Kama mnanunua vifaa, na hilo liwemo.

Jicho la Kata
CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, si alishasema POS zote ni wizi mtupu? Mnarudia nini tena.

Kasma
Hakusema hivyo. Hoja inayojirudia kwenye ripoti zake ni fedha iliyokusanywa kwa POS lakini haikufika benki, na mashine kukaa nje ya mtandao muda mrefu. Mashine ikiwa nje ya mtandao, mkusanyaji anatoa risiti na makao makuu hawaoni kitu.

Mama Mpunga
Hapo ndipo nilipoumia. Nilipita getini na gunia sita za mpunga, nikatozwa ushuru. Risiti nikaweka kwenye pochi. Nimeifungua wiki hii, maandishi yote yamefutika, karatasi nyeupe kama haijawahi kuandikwa. Nalalamika kwa kushika nini?

Jicho la Kata
Gunia sita? Mama, hazifiki tani. Tangu bajeti ya 2017/18 mzigo usiozidi tani moja ukivuka halmashauri haulipiwi ushuru wa mazao. Uliibiwa.

Lenta
Gunia wanazopakia lumbesa zinaweza kufika.

Mama Mpunga
Baba Lenta, lumbesa gani? Mimi napima kwa mizani, kilo mia kila gunia. Usinigeuzie mimi kesi.

Lenta
Sikukulenga wewe, mama. Nazungumzia wachuuzi wa huku kwetu.

Mwana wa Mnadani
Mnaona sasa? Mashine mpya zenye mtandao wa kuaminika zingemlinda mama huyu.

Fundi Saketi
Mashine haijui gunia ni ngapi, mkuu. Anayebonyeza ndiye anayejua. Na mtandao hauji na POS, unakuja na bando, kama Kasma alivyosema hapo juu na hakuna aliyemjibu.

Mtendaji wa Siku Nyingi
Mama Mpunga, usitupe hiyo karatasi. Nenda kwa mweka hazina na tarehe, saa na jina la geti. Kama mashine iliingia mtandaoni baadaye, muamala wako unaonekana kwenye mfumo hata karatasi ikifutika. Mwombe mkuu wa geti namba ya mashine, asikuzungushe.

Mama Mpunga
Asante, baba. Na kama haikuingia mtandaoni?

Mtendaji wa Siku Nyingi
Basi fedha yako haikufika halmashauri, na huyo mkusanyaji anadaiwa. Andika barua, nakala kwa diwani. Ikikwama kuiandika njoo ofisini kwangu, nitakuandikia kwa mkono.

Lenta
Kikao cha baraza ni cha wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza. Nakwenda na picha ya mibono. Kasma, niandikie lile swali la mwaka wa pili nimpe diwani wangu aliulize.