Mdogo wangu yuko rimandi kwa wizi lakini shida yake hasa ni unga (heroini). Nimtoe kwa dhamana au nimwache kwanza?

DadaWaBusia

Habari zenu humu, naomba mnisomee mpaka mwisho maana wiki hii sijalala. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, baba alipofariki tukamlea sisi dada zake. Alikuwa fundi simu Kampala, mkono mwepesi kweli, simu imetumbukia kwenye maji yeye anaifungua na kuipuliza na baada ya muda inawaka. Sasa huu mwaka wa 3 yuko kwenye unga, anavuta kwa foili. Mwanzoni hatukujua, tuliona tu anakonda na anavaa sweta jua la saa 8 mchana, halafu vitu vya nyumbani vikaanza kuondoka kimoja kimoja, pasi, redio, mwisho sufuria za mama zile nzito alizopewa harusini.

Juzi kaingia kwa jirani kachukua mtungi wa gesi na simu. Watu wakamkamata wakaanza kumpiga, bila mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji hapa Uganda) kufika mapema tungekuwa tunaongea mengine saa hizi. Sasa yuko gereza la Luzira, Kampala, kesi inatajwa tena tarehe 18.

Mama anataka tuuze ng'ombe tumtoe haraka. Mjomba anasema aozee huko huko. Mimi niko katikati, kwa sababu mwaka jana tulimpeleka kwenye nyumba moja ya kurekebisha watu, tukalipa milioni 1 na nusu, kumbe wanawafunga minyororo usiku na dawa ni maombi tu, alikaa miezi 2 akatoka na jioni ile ile akavuta. Akitoka leo si atarudi pale pale? Na nikimwacha ndani je, atapona au ataharibika zaidi? Wenye uzoefu nisaidieni.

MuuzaViatu_Owino

Pole sana dada. Nitasema ambalo hutapenda. Mimi nimeibiwa na hawa vijana mara 2, mara ya pili walibeba bando zima la viatu ambalo hata mkopo wake nilikuwa sijamaliza, watoto wangu walikaa nyumbani muhula mzima. Kwa hiyo kabla ya kuongea dhamana nendeni kwa huyo jirani, mkae naye chini, mlipe mtungi na simu yake. Mgonjwa ni mdogo wako lakini aliyeumia yuko pale jirani na anawaona mnavyokimbizana kumtoa mwizi wake bila hata kumsalimia.

Zamani_Upper

Dada mimi nimekaa ndani mara 2 kwa mambo haya haya, sasa nina miaka 6 sijagusa, kwa hiyo nakuambia nilichopitia. Arosto ya unga, yaani yale mateso ya mwili ukiukosa, siku ya kwanza unapiga miayo, pua inatoka maji, unatoa jasho huku unasikia baridi. Siku ya 2 na ya 3 ndio moto wenyewe, tumbo linakatika, mifupa inauma kama mtu anaipiga nyundo kwa ndani, miguu inajirusha yenyewe huwezi kulala, na pale chini mmelala mmebanana kwa hiyo ukijigeuza tu wenzako wanakutukana. Baada ya wiki hivi mwili unatulia. Unaanza kula, unanenepa, ndugu wakija kukuona wanasema alhamdulillah huyu kapona.

Hapo ndipo tunapodanganyika wote. Mwili umetulia lakini kichwa bado. Mara ya kwanza nilitoka asubuhi nikiwa nimeapa kwa jina la mama yangu, nikashuka kwenye teksi, nikamwona jamaa mmoja tu tuliyekuwa tunavuta naye, hata hakuniita, nilimfuata mwenyewe. Jela ilinikalisha tu bila unga, haikunifundisha kuishi bila unga. Kwa hiyo usimwache ndani ukidhani ndio matibabu, na usimtoe ukamwacha mtaani kwake. Kabla hajatoka jueni anakwenda wapi siku ile ile.

NesiZamuYaUsiku

Huyo kaka hapo juu kasema kweli, na mimi niongeze la hatari ambalo familia nyingi hazilijui. Mtu akikaa wiki kadhaa bila unga mwili unasahau kile kipimo alichozoea. Akitoka akavuta au kujidunga kiasi kile cha zamani, pumzi inapungua mpaka inasimama. Kuna utafiti ulitoka 2007 kule jimbo la Washington, Marekani, walifuatilia wafungwa zaidi ya 30,000 walioachiwa, wiki 2 za kwanza nje hatari ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 12 kuliko raia wengine, na sababu kubwa ilikuwa dawa kuzidi kipimo. Kwa hiyo wiki hizo 2 msimwache peke yake na msimpe pesa mkononi hata ya boda. Mkimkuta kalala anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, haamki mkimtikisa, mlazeni ubavu na mkimbize hospitali hapo hapo, kuna dawa inaitwa naloksoni inarudisha pumzi.

Pili, Butabika, ile hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili hapo Kampala, wana yuniti ya pombe na dawa za kulevya, na tangu 2020 kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga. Anakwenda kila siku, anakunywa dozi mbele ya mhudumu, arosto inakaa kimya na anaweza kufanya kazi. Watu wengine watakuambia ni kubadilisha unga kwa unga, usiwasikilize. Shirika la Afya Duniani (WHO) wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005, ni matibabu kama mtu wa presha anavyokunywa vidonge vyake.

Halafu swali, anakunywa waragi (pombe kali) pia? Kama alikuwa anakunywa sana kila siku waambie wahudumu wa afya wa gereza leo, maana kuacha pombe ghafla kunaweza kuleta degedege na kuua kabisa.

Paralegal_Mkongwe

Nyongeza upande wa korti. Dhamana ni haki yake kuiomba, na kwa kosa ambalo kesi yake inasikilizwa na hakimu, akifikisha siku 60 rimandi kabla kesi haijaanza kusikilizwa Katiba inasema aachiwe kwa dhamana. Wadhamini waje na vitambulisho vya taifa na barua ya LC1. Mkiambiwa mlipe pesa, lipeni kwa utaratibu wa korti, chukueni risiti na muitunze, pesa hiyo inarudi akihudhuria mpaka mwisho. Hakuna ada ya kumpa mtu kwenye korido.

Lakini dada usiishie kwenye dhamana. Nenda Butabika kabla ya tarehe 18, eleza, uliza wanavyopokea mtu, upate barua. Wakili au paralegal (msaidizi wa sheria) akisimama mbele ya hakimu na barua hiyo, makazi yanayojulikana na jirani aliyelipwa, hayo ni maombi tofauti kabisa na kusema tu mheshimiwa tunaomba huruma. Kama kosa kweli alilifanya anaweza kukiri, na tuna sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2000, kwa makosa madogo ambayo kifungo chake hakizidi miaka 2 hakimu anaweza kumpa kazi ya jamii badala ya jela, isizidi miezi 6 wala saa 8 kwa siku, na lazima mwenyewe akubali. Hapo analala nyumbani na kliniki anaweza kwenda. Marekani wana mahakama maalum za watu wa dawa, ya kwanza ilianza Miami 1989, hakimu anamwita mtu mara kwa mara kuangalia matibabu yanaendaje. Sisi tutumie njia tulizonazo, na mahakimu wengi ukiwapa sababu ya kushika wanasikiliza. Msimshauri akiri kabla hajaongea na mtu wa sheria. Waulizeni askari wa gereza paralegal wanaingia siku gani, hawalipishi.

DadaWaBusia

Mungu awabariki jamani, nimesoma nikalia. Waragi anakunywa ndio nesi, leo nimemwambia mhudumu wa pale kaandika. Nimemwona mdogo wangu, mashavu yamerudi kidogo kama kaka alivyosema. Nilivyomtajia methadoni aliuliza kwa sauti ndogo, "wanafunga watu minyororo?" nikamwambia hapana. Akanyamaza, akasema nikajaribu kuulizia.

Kwa jirani tumekwenda na mama jana usiku. Hakutukaribisha ndani, tuliongea mlangoni, lakini kakubali tulipe mtungi sasa na simu mwisho wa mwezi. Ng'ombe hatuuzi kwa dhamana, tunauza ndama mmoja tulipe jirani na chumba. Mjomba bado hataki kusikia.

Sasa kilichobaki ni mahali pa kukaa. Kwao hapana, Busia ni mbali hawezi kwenda kliniki kila siku. Nitakaa naye mimi miezi 3, duka nimemwachia shemeji. Mwenye kujua chumba kimoja cha kupanga karibu na Butabika, cha bei ya kawaida, tafadhali aniandikie.

MuuzaViatu_Owino

Dada, shangazi yangu ana vyumba Biina, kwa mguu unafika Butabika. Nimekuandikia inboksi.