Koridorasi wangu wanapoteza sharubu, nisaidieni

BintiTabata
Wakuu habari za jioni. Nina tangi la kioo la lita 80 sebuleni, ndani wamo koridorasi sita, wale kambale wadogo wa rangi ya shaba ambao asili yao ni Amerika Kusini. Nikitoka kazini nakaa sakafuni nawaangalia tu wakinusanusa. Kuna mmoja huzungusha jicho kama anakonyeza.

Wiki mbili hizi sharubu zinafupika. Tunasema nyumba ya kambale kila mtu ana sharubu, lakini wangu wawili wamebaki na vishina na mdomo umekuwa mwekundu. Halafu wanapanda juu kwa kasi, wanameza hewa, wanarudi chini. Zamani ilikuwa mara chache, sasa dakika haipiti. Chini nimeweka kokoto nyeupe za mapambo. Maji nabadilisha kila mwezi, hita iko 28 kama alivyonielekeza aliyeniuzia. Sitaki wafe.

MzeeWaTangi
Pole dada. Anza na hizo kokoto, toa zote. Koridorasi chakula anakitafuta kwa sharubu. Anachomeka mdomo kwenye mchanga, anavuta, anabakiza cha kula, mchanga unatokea kwenye matamvua. Kwenye kokoto hawezi, anajikwaruza tu. Na chakula kikidondoka katikati ya mawe hakifikii, kinaoza, bakteria wa hapo chini wanaingia kwenye vile vidonda. Hebu chomeka kidole mpaka kwenye kioo cha chini, kisha nusa.

Weka mchanga laini wa mto, sentimita tatu zatosha. Wa baharini usiuguse, una chumvi na vipande vya makombe. Maji badilisha robo kila wiki. Sharubu huota tena kama mzizi haujaliwa.

Kumeza hewa ni kawaida yao, utumbo wao unaweza kuchukua oksijeni. Ila kila dakika? Hapo maji yamechoka. Na ukiwahamisha usitumie wavu, mapezi yao ya ubavuni yana miiba inayonasa. Wakinge kwa bakuli.

Ujiji77
Zima hiyo hita leo hii. Dar msimu wa joto maji yanapanda yenyewe, na maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi. Koridorasi wa shaba anataka 22 hadi 26. Mimi nafuga gogogo, kambale wa Ziwa Tanganyika, hao joto na maji magumu yenye madini mengi ni kwao, koridorasi wako sivyo. Elekeza feni juu ya maji, pampu ya hewa isizimwe usiku.

Halafu maji yako ni ya bomba au ya kisima? Visima vingi huko vina chumvi. Ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke.

BintiTabata
Nimenusa. Harufu ya yai bovu, na kokoto kwa chini zilikuwa nyeusi tii. Nimejisikia vibaya sana, walikuwa wanalala juu ya uozo na mimi naona weupe tu.

Maji yalikuwa ya kisima, nimehamia ya bomba. Mchanga nimeuchekecha kwa chekeche la unga na kuuosha maji tisa ndipo yakawa safi. Hita nimezima, leo kipimajoto kinasoma 27. Jana usiku mmoja alizamisha mdomo mpaka machoni, mchanga ukawa unamtoka pembeni ya kichwa kama moshi. Kwenda juu kumepungua. Lakini mmoja wa wale wenye vishina hatoki nyuma ya gogo. Nimlishe kando?

MzeeWaTangi
Usimtoe, peke yake atazidi kuogopa. Ukishazima taa dondosha punje mbili tatu za chakula kinachozama, karibu kabisa na gogo. Asubuhi kilichobaki kitoe. Sponji ya kichujio ioshe kwenye ndoo ya maji ya tangi, si bombani, wale bakteria wazuri wanaosafisha maji wasife. Tupe habari Jumapili.