Yaya wangu ataondolewa sehemu kubwa ya ini, sasa anaombwa aingie katika utafiti. Asaini au akatae?

Mwana_Kadutu, Bukavu

Yambo wote. Ninaandika usiku huu kwa sababu kesho familia inakutana kwa mama, na mimi ndiye niliyetumwa nitafute maneno ya kusema.

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, anaishi Ubelgiji miaka mingi. Mwaka jana alikutwa na kansa ya utumbo mpana. Wakamfanyia operesheni, akapata kemoterapia, halafu skaneri ikaonyesha uvimbe minne ndani ya ini, yote upande wa kuume. Madaktari wanataka kuondoa upande huo mzima pamoja na kipande cha katikati. Kitakachobaki ni asilimia 23 ya ini, na wanasema ni kidogo mno. Kwa hiyo kwanza watapitisha mrija mwembamba, wazibe mshipa unaopeleka damu upande wenye ugonjwa, ili upande usio na ugonjwa ukue. Watasubiri majuma kadhaa, wapime tena, ndipo wakate.

Hapo ndipo wamemletea karatasi za utafiti, kurasa 18. Wagonjwa wengine watazibwa mshipa mmoja, wengine miwili, na kompyuta ndiyo itakayochagua nani apate kipi.

Mama amelia siku mbili. Kwake, mtu anayechaguliwa na kompyuta amegeuzwa panya. Baba mdogo anasema tusikubali kabisa. Yaya mwenyewe alinipigia akaniambia: “Mdogo wangu, wewe ulisoma, niambie nifanye nini.” Nilisoma ujenzi, si uganga. Ini linakua kweli? Na akisaini, anaweza kujitoa?

Muuguzi_Himbi, Goma

Pole sana mdogo wangu. Nimefanya kazi miaka 14 kwenye wodi ya upasuaji, nitakujibu la kwanza.

Ini linakua, ndiyo, lakini si kama mkia wa mjusi. Kipande kilichokatwa hakirudi mahali pake. Kile kilichobaki ndicho kinachoongezeka: seli zake zinagawanyika, kinapanuka mpaka kitoshe kazi ya mwili, hata kama sura yake haifanani tena na ini la zamani. Mwaka 1931 Higgins na Anderson huko Marekani waliondoa theluthi mbili za ini la panya, na ndani ya siku 7 hadi 10 uzito ulikuwa umekaribia kurudi. Kwa binadamu ni polepole zaidi. Sehemu kubwa inakua katika majuma ya mwanzo, kisha inaendelea kidogo kidogo kwa miezi.

Kuziba mshipa si jambo la kubahatisha. Ule mshipa wa porta unatoa damu matumboni ikiwa imebeba chakula na homoni zinazochochea ini kukua. Ukiuziba upande mmoja, damu yote inaelekea upande wa pili, nao unaamka. Masatoshi Makuuchi wa Japani ni mmoja wa walioanzisha njia hiyo katika miaka ya 1980. Leo ni kazi ya kawaida, hata bila utafiti wowote.

Na hesabu yao ni sawa. Mtu mwenye ini lenye afya anaweza kubakiwa na asilimia 20 hadi 25. Aliyepigwa kemoterapia nyingi anahitaji karibu 30, mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) 40. Yaya wako ana 23 na amepitia kemoterapia. Wangemkata leo bila kusubiri, hapo ndipo ningeogopa.

Baba_Katuba, Lubumbashi

Mimi ningekataa. Marehemu dada yangu aliingizwa katika utafiti mahali fulani. Walichukua damu yake mara nane. Hakuna aliyerudi kutuambia walipata nini, na tulipouliza tuliambiwa daftari liko mji mwingine. Mama wa huyu kijana halii bure. Watu wetu wana sababu ya kuogopa.

MwanaLabo, Lubumbashi

Baba wa Katuba, naheshimu msiba wako, na waliokutendea hivyo walikosea. Kwa Tamko la Helsinki, kanuni za madaktari kuhusu utafiti zilizoanza 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, mgonjwa lazima aelezwe, akubali kwa hiari yake, na aweze kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Ubelgiji wana pia sheria ya 2004: mwenye utafiti anawajibika mgonjwa akidhurika kwa sababu ya utafiti, hata kama hakuna aliyekosea, na lazima awe na bima. Yaya wako aitafute hiyo bima ndani ya zile kurasa 18. Imo.

Kuhusu kompyuta, mweleze mama hivi. Makundi yote mawili yanatibiwa. Anayepata mshipa mmoja anapata kile ambacho angepewa nje ya utafiti. Kura inapigwa kwa sababu madaktari wakichagua wenyewe, watawapeleka wenye nguvu kwenye kundi wanalolipenda, na hatutajua kamwe ipi ni bora. Kuna utafiti wa namna hiyo unaoongozwa kutoka Maastricht, Uholanzi, unaitwa DRAGON 2.

Na swali lenyewe ni zito. Katika majuma ya kusubiri, kansa nayo haijalala. Wapo ambao ini lao halikui vya kutosha, au uvimbe unaenea, na operesheni haifanyiki tena. Kuziba na mshipa wa pili, ule unaotoa damu nje ya ini, kunaonekana kuharakisha ukuaji. Lakini haraka peke yake haitoshi. Mwaka 2012 Wajerumani walichapisha njia ya kulipasua ini katikati na kurudi kulikata baadaye: lilikua kwa asilimia 74 ndani ya siku 9 hivi, lakini kati ya wagonjwa 25 watatu walikufa hospitalini. Ndiyo maana sasa wanapima kwa uangalifu.

Mama_Neema, Goma

Mimi si daktari. Nilimpa ndugu yangu upande wa kuume wa ini langu, India. Juma la kwanza nilichoka mpaka kushika simu ilikuwa kazi. Walinitia madini ya fosfati kwenye serumu (maji ya mshipani), maana ini linapokua linaimaliza. Harufu ya mafuta sikuiweza. Nilikula kidogo kidogo mara sita kwa siku, na nguvu zilirudi niliporudia sambaza, wale samaki wadogo, na maharagi.

Mwambie mama asitume dawa ya majani kwa msafiri. Najua atataka, hata wangu alitaka. Ini changa halijui kuchuja vitu hivyo. Hata parasetamoli asimeze bila kuuliza. Na kasiksi, pombe ya ndizi, hapana kabisa.

Muuguzi_Himbi, Goma

Nyongeza moja. Baada ya operesheni, siku ya tano ndiyo ya kuuliza. Madaktari wa Clichy, Ufaransa, walionyesha mwaka 2005 kwamba siku hiyo protrombini (kipimo cha damu kuganda) ikiwa chini ya asilimia 50 na bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huitoa kwenye damu) juu ya mikromoli 50 kwa lita, hatari ya kufa ni kubwa mno. Usiulize “anaendeleaje?” Watakuambia vizuri. Uliza hizo namba mbili.

Mwana_Kadutu, Bukavu (siku kumi na moja baadaye)

Aksanti wote. Baba wa Katuba, maneno yako niliyasoma mbele ya familia yote, na baba mdogo akasema sasa kuna mtu amemsikia. Yaya aliuliza kuhusu bima, kujitoa, na kama matokeo yatamfikia. Bima iko ukurasa wa 14. Kuhusu matokeo, aliomba ahadi iandikwe, wakaiandika. Akasaini.

Kompyuta imempa mshipa mmoja. Walimziba Jumanne, akarudi nyumbani siku ya pili na homa kidogo. Skaneri ya kupima ni baada ya majuma matatu. Mama alikuwa tayari amefunga mfuko wa majani, shangazi aupeleke. Jana ameufungua, akaweka sambaza kavu.