Tupeane uzoefu: uliutoaje mradi wako wa picha chuoni ukauonyesha watu wa Mombasa?

Mwanzisha mada:
Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nimemaliza mwaka wa nne na mradi wangu wa picha umeshapita kwa watahini. Ni wa kina mama wanaouza mahamri alfajiri na viazi karai jioni, kuanzia Mwembe Tayari hadi Mji wa Kale. Watahini walisoma kitabu changu cha maelezo, wakazitazama picha kwenye skrini, wakatoa alama. Kina mama wenyewe hawajaziona zikiwa kubwa ukutani, na hiyo ndiyo hamu yangu kubwa. Nataka maonyesho ya wazi, hapa hapa Mombasa. Mliotangulia, nielezeni: mlichagua vipi, mlichapishaje, mahali mlipata wapi, na idhini za watu je?

Binti Kibokoni:
Wa aleikum salaam dadangu, hongera sana. Naanza na idhini, kwani ndiyo iliyoamua sura ya maonyesho yangu yote. Mradi wangu ulikuwa wa wanawake majumbani Mji wa Kale: wanaoshona kofia, wanaopaka hina, wanaopika. Fomu walizotia sahihi zilikuwa za masomo. Sasa mwanamke aliyekubali umpige picha akiwa na leso tu, nyumbani kwake, ili wewe upate shahada, hajakubali kila mpita njia amwone vile. Hizo ni idhini mbili, na ya pili lazima uifuate upya.

Nilichapisha picha ndogo za kushika mkononi, nikarudi nazo nyumba baada ya nyumba, tukazitandaza mkekani. Bibi mmoja aliichukua yake, akaisogeza dirishani penye mwanga, akaitazama kitambo. Akaniambia, "Hii ni ya ndani, mwanangu. Chukua ile." Ile ilikuwa ya mikono yake peke yake ikichambua mbaazi kwenye sinia, pete ya fedha kidoleni, hina imebaki kwenye ncha za kucha. Walimu wangu hawakuwahi kuitaja. Siku ya maonyesho ndiyo iliyosimamisha watu, na mabinti walikuwa wakiitana: "Njoo uone, kama mikono ya nyanya!"

Kuhusu sheria: Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Aliyetoa idhini anaweza kuiondoa, na kwa mtoto anayetoa ni mzazi au mlezi. Sheria hiyo ina msamaha wake kwa kazi za sanaa na uandishi wa habari, lakini wewe usijifiche nyuma ya msamaha huo. Kina mama wale utakutana nao kesho barabarani. Waulize kwa Kiswahili chepesi: itawekwa wapi, itakaa siku ngapi, itapandishwa mtandaoni au la, jina liandikwe au lisiandikwe. Hilo la mtandaoni liulize peke yake, maana wengi waliokubali ukuta walikataa simu.

Fundi Fremu, Majengo:
Mimi ni wa upande wa karatasi na mbao. Wanafunzi huja kwangu na picha zinazong'aa kwenye kompyuta, zikichapishwa zinatoka giza. Skrini ina taa nyuma yake, karatasi haina. Za alfajiri kama zako, mama amemulikwa na moto wa jiko na balbu moja, ndizo zinazoumia zaidi. Kata kipande kidogo cha picha, penye uso na penye kivuli, kichapishwe kwanza kwenye karatasi ile ile utakayotumia. Kitazame mchana, si chini ya taa ya duka.

Ukubwa: kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni karibu sentimita 51 kwa 34, kwa hiyo A3 inatoka safi kabisa. A2 bado ni nzuri. Ukienda A1 unashuka hadi kama nukta 180, na bado yafaa kwa sababu mtu huitazama akiwa amerudi nyuma. Picha iliyopitia WhatsApp usiniletee, imeshabanwa.

Halafu hewa yetu. Unyevu wa bahari hukunja karatasi na gamu huachia, hasa chumba kisicho na upepo. Usiruhusu picha iguse kioo. Weka kadi nene iliyokatwa dirisha kati ya picha na kioo, la sivyo hunata na haibanduki. Kama fedha haitoshi, acha kioo kabisa, chukua karatasi isiyong'aa, uigandishe kwenye ubao mwepesi. Isiyong'aa hairudishi mwanga wa dirisha machoni. Utepe wa kugandisha pande mbili usiutegemee kwa kitu kizito: joto la saa nane mchana huilegeza gamu yake, na picha huanguka wageni wapo.

Wa Likoni:
Wengi mtamwambia atafute ukumbi mkubwa. Mimi nasema aziweke walipo wenyewe. Mradi wangu ulikuwa wa wavukaji wa feri, na niliutundika kwenye ukumbi mdogo wa vijana Likoni, milango wazi. Makuli, wauza maji, watu wa tuktuk, wote waliingia na mizigo yao. Hakuna aliyeuliza kiingilio wala kama amevaa vizuri. Kumbukeni kwamba feri yetu ina historia yake ya picha: miaka ya 1990 palikuwa na wapiga picha wenye vibanda vyao, na mapazia yaliyochorwa mandhari za kifahari ili mtu apigwe picha kana kwamba yuko safarini. Wazee waliniletea picha zao za vibanda vile, nikaomba ruhusa nikatenga meza moja kwa ajili yao. Meza ile ilizungumzwa kuliko ukuta wangu, nami nilifurahi mno.

Kilichonichosha ni kibali cha kuweka mabango barabarani. Ofisi moja ilinipeleka kwa nyingine, na nyingine ikanirudisha. Aliyenisaidia ni mzee wa mtaa, tukaenda naye kwa chifu na barua mkononi. Anza huko mapema.

Urefu wa kutundika: katikati ya picha iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka chini. Kama watakuja watoto wengi, shusha kidogo.

Mwalimu wa Picha, Tudor:
Ndugu wa Likoni nakuunga mkono nusu. Ukumbi wa mtaani huleta wenye picha. Mahali panapojulikana mji mzima huleta watu wasiojua maisha ya mama wa mahamri, nao pia wanahitajika. Afanye pawili, kwanza mtaani. Akitaka majengo ya kale, ajue kwamba Fort Jesus iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011 na inasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa. Kuta zile za matumbawe hazipigwi misumari. Unapeleka barua ya maombi mapema, na unapanga kuja na mbao zinazosimama zenyewe.

Nataka kusisitiza uchaguzi. Mradi wa chuo unaonyesha umejifunza nini, kwa hiyo unajaza majaribio, hatua, na picha za kuthibitisha mbinu. Mpita njia hahitaji hayo. Chapisha zote ndogo, zimwage sakafuni, mwite mtu asiyesoma upigaji picha, umtazame macho yake yanapita wapi na yanasimama wapi. Picha mbili zinazosema jambo moja, moja itoke, hata kama ndiyo iliyokupa alama. Kitabu cha maelezo kibaki nyumbani. Chini ya kila picha: jina ikiwa ameruhusu, mahali, mwaka, na sentensi moja kwa Kiswahili, maneno yake mama mwenyewe yakiwezekana.

Mama wa Kongowea:
Mwanangu, mimi nauza mahamri, si mpiga picha. Usitufungulie maonyesho asubuhi, tuko jikoni. Jioni ya Ramadhani ndiyo kabisa, biashara yetu yote iko pale. Masika pia hapana, Aprili na Mei mvua itakuharibia. Jumapili baada ya sala ya adhuhuri tutakuja, na watoto tutakuja nao. Na ukiuza picha yangu, tuelewane mapema.

Binti Kibokoni:
Mama amesema kweli. Sheria ya Hakimiliki humpa haki mpiga picha, lakini mimi niliandikiana na kila mmoja: picha yake ikiuzwa tunagawana, na nakala moja ya fremu ni yake bure maonyesho yakiisha.

Mwanzisha mada:
Ahsanteni mno. Mama wa Kongowea, Jumapili nimeikubali, na hilo la kuuza tutaliandika kabla sijatundika hata moja. Mwalimu, nitaanza mtaani. Fundi, nakuja na vipande vya kujaribu, uso na kivuli. Kimebaki kimoja: mama mmoja, mwenye picha niipendayo kuliko zote, amehamia Mtwapa na namba yake haipatikani. Binti Kibokoni, waliohama ulifanyaje?

Binti Kibokoni:
Uliza pale alipokuwa akiuza, muuza mkaa wake atajua. Nenda na picha mkononi. Usipompata, picha hiyo isitundikwe.