Mrejesho: kuvua bwawani wakati wa masika

Assalaam alaykum. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini perege wamegoma kula tangu mvua za masika zianze, kwenye kibwawa cha bonde la mpunga huku kwetu nje ya Wete, Pemba. Nimerudi kama nilivyoahidi.

Aliyenambia niache kutupa ndoana katikati, shukran sana. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na perege anategemea sana macho, sasa chambo angekionaje? Nilisubiri mvua ikatike siku mbili, nikakaa pale mfereji unapomwaga maji bwawani. Mvua inakokota nyungunyungu na wadudu kutoka makondeni, na samaki wanajua. Nikatumia nyungunyungu hao hao, chubwi ndogo (kizito cha kuzamisha ndoana), na chelezo, kile kinachoelea juu ya maji, nikakiondoa kabisa.

Perege nilipata wawili tu, tena wadogo. Lakini kambare! Magharibi ilipokaribia nilishatoa watano, mmoja nusura aniondokee na mshipi. Yeye tope halimsumbui, anatafuta kwa sharubu na harufu. Wengine niliwaona wamepanda hadi kwenye majani yaliyofunikwa na maji, nadhani wanataga, nikawaacha.

Ushauri wa kuvua mvua ikiwa inanyesha sikuufuata, mniwie radhi. Radi za Aprili na fimbo ndefu mkononi, hapana.

Mke wangu kawapika wa nazi. Kambare bado ananuka tope kidogo, ndimu ilikuwa chache.