Wizi umepanda mtaani, askari ni wachache. Kwenye kikao na mkuu wa kituo tukaseme nini?

Katibu Asiyeomba (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Naishi kwenye mji mdogo, ule ambao mwizi akikamatwa hakosekani mtu kwenye umati aliyesoma naye. Mwezi uliopita nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya ulinzi ya mtaa. Nilitoka nje kupokea simu, niliporudi nikakuta wameshanipigia kura.

Hali ni hii: mwaka jana tulikuwa na matukio 6 ya kuvunjiwa nyumba. Mwaka huu haujaisha na tumefika 13. Kituo kina gari moja, na ukipiga simu unaambiwa limetoka. Wakazi wamegawanyika. Kuna wanaotaka tuchangishane tufunge kamera, kuna wanaotaka walinzi wa kukodi wa usiku, na vijana wanasema wakimshika mmoja hatafika kituoni.

Wiki ijayo tunaonana na mkuu wa kituo. Nimeagizwa niandike barua yenye kichwa "Uhalifu umeongezeka maradufu" na nidai askari 2 wakae mtaani kwetu usiku na mchana. Nimefika nusu nimekwama. Je, hayo ni madai ya haki au nakwenda kuchekwa? Naombeni ushauri, hasa wenye uzoefu.

Fundi Kitasa

Fungeni kamera. Mengine siasa.

Karandinga Mstaafu

Katibu, pole na hongera. Nimevaa gwanda miaka mingi, acha nikupigie hesabu ambayo mkuu wa kituo ataipiga kichwani wakati wewe unasoma barua.

Wiki ina saa 168. Askari anayefanya kazi saa 40 kwa wiki anakufunika robo tu. Kwa hiyo lindo moja lisilolala linataka watu 4 na ushee. Ongeza likizo, ugonjwa, mafunzo na siku za kwenda mahakamani kutoa ushahidi, unafika 5. Askari wako 2 ni 10 kwenye orodha yake. Kuna vituo vya miji midogo ambavyo zamu nzima haifiki 10.

Na hao alionao hawashindi wakisaka wezi. Kuna mahabusu wa kupeleka mahakamani na kurudisha, ajali, ugomvi wa mume na mke, mlevi aliyelala barabarani, msafara wa mkubwa anayepita. "Gari limetoka" mara nyingi ni kweli tupu, ingawa nakiri si mara zote.

Ila kinachoua kesi katika mji mdogo si gari. Mpelelezi ni mmoja au wawili na majalada yamejaa meza. Vielelezo vya kupimwa vinapelekwa mji mkubwa na kurudi kwa mwendo wa kobe. Halafu shahidi wako anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mtuhumiwa, watoto wao wanacheza pamoja. Siku ya kesi anasema hakuona vizuri, kulikuwa na giza. Kesi nyingi zilinifia hapo. Kukamata tulikuwa tunakamata.

Suala la doria nalo. Kule Kansas City, Marekani, mwaka 1972 hadi 1973 polisi walifanya jaribio: sehemu nyingine waliondoa doria ya kawaida ya magari, nyingine wakaiacha ilivyo, nyingine wakaizidisha mara mbili hadi tatu. Uhalifu haukutofautiana kwa maana yoyote, na wakazi wengi hata hawakugundua. Nilipofundishwa habari hii kozini nilikasirika sana, maana ujana wangu niliumalizia ndani ya gari la doria.

Hesabu za Vidole

Mleta uzi, kabla hujaendelea na barua: hiyo 6 ya mwaka jana nani aliihesabu? Kamati ilikuwepo?

Nauliza kwa sababu namba ndogo zinadanganya vibaya. Mji wa watu 80,000 ukiwa na mauaji 2 mwaka huu na 4 mwaka ujao, kichwa cha habari kitasema mauaji yameongezeka kwa asilimia 100. Ni kweli kihesabu, lakini huenda ni ugomvi mmoja wa familia uliotokea vibaya. Angalia miaka kadhaa kwa pamoja, usishindanishe miwili tu. Na usiandike "uhalifu". Umehesabu nyumba kuvunjwa. Ukwapuaji, wizi wa pikipiki na utapeli wa simu hujauhesabu, na inawezekana unakwenda upande mwingine kabisa.

Pili, wizi hausambai sawasawa kama mvua. Uchambuzi wa simu za kuita polisi mjini Minneapolis, Marekani, uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kuwa karibu asilimia 3 tu ya anwani ndizo zilizozaa nusu ya simu zote. Miji mingine imeonyesha sura hiyohiyo. Chora ramani ya mtaa, weka nukta 13, kila nukta na siku na saa yake.

Tatu, angalia nani ameibiwa mara mbili. Mtaa wa Kirkholt, Rochdale, Uingereza, miaka ya 1980, waligundua kwamba nyumba iliyovunjwa ndiyo yenye hatari kubwa ya kuvunjwa tena. Mwizi keshajua mlango, na anajua vitu vilivyoibiwa vitanunuliwa vipya. Wakazihudumia hizo kwanza: waliimarisha milango, wakawaomba majirani wa pembeni wazitupie jicho, wakaondoa zile mita za gesi na umeme za kutumbukiza sarafu, kwani zilikuwa kibubu cha mwizi. Wizi ulishuka sana, na hawakulinda mtaa mzima.

Kamera sizipingi, lakini sehemu zilikoonyesha faida ya wazi zaidi ni maegesho ya magari. Kwenye makazi matokeo ni ya kusuasua.

Popo wa Mchana

Mnazunguka mbuyu. Waacheni vijana wafanye kazi, mmoja akiipata wengine watahama wenyewe.

Mama Kitindamimba

Popo, kwetu tulifanya hivyo unavyosema. Kijana aliyepigwa alikuwa anatoka zamu ya usiku, kapita njia ya mkato. Polisi waleule tuliolia kuwa hawatoshi walitumia miezi kumtafuta nani alimuua. Wanaume waliokuwa wanatulinda walikimbia mji, wengine wako ndani. Wezi waliendelea kama kawaida, sasa mtaa ukiwa hauna watu.

Mdogo wangu katibu, na mimi nina lingine. Usimgombeze mkuu wa kituo kwa kila namba inayopanda. Sisi wanawake tunaibiwa, tunapigwa, na haturipoti, kwa sababu pale kaunta unaulizwa kwa sauti mbele ya foleni, na anayeandika ni shemeji wa jirani yako. Kituo kikiweka chumba cha faragha na askari mwenye adabu, taarifa zitaongezeka mwaka huohuo. Mkimkaba kwa namba atajifunza kutoziandika.

Karandinga Mstaafu

Mama amemaliza. Nimewahi kuona taarifa za robo mwaka "zikipendeza" kwa njia hiyo.

Katibu Asiyeomba (mleta uzi)

Wakuu nimerudi. Nimezunguka nyumba kwa nyumba na daftari siku 3.

Ile 6 ya mwaka jana ilitoka kwenye kumbukumbu ya mzee mmoja. Nilipouliza vizuri, wakanitajia mengine 4 ambayo yeye hakuyasikia. "Maradufu" nimeifuta. Bado yameongezeka, ila siwezi kuapa kwa kiasi gani.

Katika matukio 13 ya mwaka huu, 7 yako kwenye uchochoro mmoja nyuma ya nyumba iliyohamwa. Nyumba 3 zimevunjwa mara mbili. Matukio 5 hayakuripotiwa kabisa. Kilichonikata maini ni saa: mengi ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana, watu wakiwa kazini na watoto shule. Walinzi wa usiku tuliotaka kuwachangia wangekuwa wamelala kwao.

Barua mpya ni ukurasa mmoja na ramani. Naomba askari apite kwa miguu kwenye uchochoro huo asubuhi, hata nusu saa, kwa siku asizozitangaza. Naomba namba ya askari mmoja tunayemjua kwa jina, na sehemu ya kutoa taarifa isiyo kaunta. Sisi tutafyeka ile nyumba iliyohamwa na majirani watapeana zamu za kuangalia zile nyumba 3. Vijana nimewapa kazi ya kufyeka, wamenuna.

Fundi Kitasa, nina swali lako. Kati ya nyumba 7 za uchochoroni, 5 zina kitasa cha aina moja, na hakuna hata kimoja kilichovunjwa. Milango ilikutwa wazi tu. Nikutumie picha?

Fundi Kitasa

Tuma. Lakini usiziweke hapa hadharani.