Baiskeli C&O Canal: hela inabaki kwenye hivyo vimji kweli?

Mpanda_Baisko: Wakuu mlioko Maryland na DC, mwezi ujao nataka kutoka Georgetown mpaka Cumberland kwa baiskeli, maili 184.5 kando ya ule mfereji wa zamani wa boti (C&O, yaani Chesapeake na Ohio). Kila mtu ananambia njia imefufua vimji vya huko, Brunswick, Williamsport, Hancock. Mi nimekulia kijiji cha barabarani, mabasi yalikua yanapita sie tunabaki na vumbi, so nauliza, watu wanashuka au wanapita tu? Na nilale wapi?

babaZuu: Nilienda siku nne. Hela inabaki pale unapolala, basi. Mtu wa baiskeli hana buti la kubebea msosi wa wiki, akifika mji ana njaa ya mkulima, anakula sahani mbili, anatafuta tyubu, anafua, asubuhi chai tena. Mji wenye kitanda na sehemu ya kufungia baiskeli unakula, usio na kitanda unapigiwa kengele tu. Jaribu pia zile nyumba za walinzi wa malango ya maji ya mfereji, zinakodishwa, ila zingine hazina umeme wala bomba.

Mzee wa Reli: Huo mfereji ulishindwa mapema jamani, ulifika Cumberland 1850 wakati treni ya B&O (reli ya Baltimore na Ohio) ilishafika 1842. Ukaendelea kubeba makaa ya mawe, boti zikivutwa na baghala (sio nyumbu wa Serengeti 😂) hadi mafuriko ya 1924. Baadae wakataka kuweka barabara ya magari kwenye njia ya mfereji, Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, akaitembea njia hiyo kwa miguu 1954 kuipinga barabara, 1971 ikawa hifadhi. Wangeweka lami leo ungekua unaongelea vumbi lako lile lile.

dada_wa_Cumberland: Nafanya kazi hotelini hapa. Mei mpaka Oktoba sawa, tunajaa, sababu njia ya baiskeli ya kwenda Pittsburgh nayo inaanzia hapa, maili 150, ilikamilika 2013. Januari njoo uone. Na kiwanda cha matairi cha hapa kilichofungwa 1987 kiliajiri baba wa familia mwaka mzima, kahawa na keki haziwezi hiyo. Sisemi mbaya, inanilipa rent, ila kufufua ni neno kubwa.

Mpanda_Baisko: Nimekusoma dada. Nitalala Williamsport na Hancock basi.

babaZuu: Beba tochi, handaki la Paw Paw huko njiani ni futi 3,118 na giza lake si la mchezo, shuka usukume. Ikinyesha ahirisha, ni tope.